Ukianza utafiti Kilimanjaro, acha kilele, fuata mfongo

Wengi mnaokuja kusomea habari za Kilimanjaro mnafika na theluji kichwani. Hata mimi. Andiko langu la utafiti lilijaa barafu na kilele cha mita 5,895, watu wakabaki pambo. Kumbe anayeishi mlimani haamki akiwaza kilele, anawaza zamu ya maji.

Kwa hiyo anza na mfongo, mfereji uliochimbwa kwa mkono kutoa maji mtoni na kuyashusha kwenye vihamba, yaani bustani za ukoo zinazozunguka nyumba, kwa mteremko tu, bila pampu. Kwa mgeni ni mtaro wa matope. Tembea nao toka kwenye banio, pale maji yanapochepushwa mtoni, hadi unapoishia, ukiuliza: ulichimbwa na ukoo gani, leo zamu ya nani, asiyekuja kuzibua anafanywaje? Asubuhi moja ya namna hiyo ilinipa mengi kuliko wiki mbili za dodoso.

Dodoso lenyewe liliniumbua. Tumesimama katikati ya kihamba, namuuliza mama mmoja, "Shamba lenu ni ekari ngapi?" Akasema moja, nikaandika. Siku ya tatu namkuta anateremka na jembe. "Shikamoo mama, safari ya wapi?" "Marahaba. Shambani." Shamba kwake ni la mahindi, huko tambarare, pale nyumbani ni kihamba, na kihamba sikuwa nimekiuliza kabisa. Nilirudia kaya zote arobaini.

Kihamba kichore kabla ya kukipima. Juu mringaringa, chini yake migomba, halafu kahawa, chini kabisa magimbi na maharage. Ng'ombe yuko bandani, analetewa majani, na samadi yake inarudi mgombani. Mpakani kuna masale (moja ni isale), mimea ya majani marefu. Hayo usiyaguse! Mimi nilichuma jani moja kwa mazoea tu ya mikono, mzee akanitazama: "Kijana, unamwomba nani msamaha?" Isale ndilo hubebwa mtu anapokwenda kuomba radhi.

Habari za kuni na majani ya ng'ombe ziache hadi wakuzoee. Ukanda wa nusu maili pembezoni mwa msitu ulitengwa mwaka 1941 ili wanakijiji wapate mahitaji yao msituni. Hifadhi ya taifa ilianzishwa 1973, na baadaye mipaka yake ikashuka hadi kuuingiza msitu. Ukiuliza mapema watadhani umetumwa na askari wa hifadhi.

Mkalimani atoke eneo hilohilo. Kichaga si kimoja. Wa Machame na wa Rombo wanaweza kuishia kuongea Kiswahili.

Na Desemba usifunge kazi. Wana ukoo wanarudi kutoka mijini, na vikao vya kugawa vihamba hukaa wakati huo. Mimi niliondoka tarehe 20, nikapishana na mabasi yao njiani.