Msimu wa korosho na dhamiri ya Mkristo: maswali yenu

Minada ya korosho ikishafunguliwa, maswali mnayoniletea hubadilika. Mwezi wa sita mnauliza habari za ndoa na unabii. Ikifika Oktoba mnauliza mizani, madeni na pombe. Sina malalamiko. Nimechagua sita, nimeyafupisha, na nimeondoa majina na vijiji, maana huku kwetu kila mtu anamjua shemeji wa mwenzake.

Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Mwezi wa pili jirani yangu aliishiwa chakula, akaja kuniomba. Nikampa elfu hamsini, tukakubaliana msimu ukifika anipe gunia moja la korosho. Sikumlazimisha, na tuliandikishana mbele ya shahidi. Sasa korosho zimeanza kudondoka, na naona hata njiani ananikwepa. Nimekosa wapi? (Msomaji, Tandahimba)

Amina. Hiyo ni kangomba, yaani kuinunua korosho ya mwenye shida kwa bei ya kutupa kabla msimu haujafika, ndugu yangu, hata ikiwa na karatasi na shahidi. Gunia la kilo 80, tuseme kwa bei ya chini kabisa ya shilingi 2,000 kwa kilo, ni shilingi 160,000. Umempa 50,000. Piga hesabu mwenyewe.

Kwamba Serikali imeikataza unajua. Wapo waliojifunza kwa machungu mwaka 2018, korosho ziliponunuliwa na Serikali kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wenye magunia ya kangomba wakaulizwa mashamba yao yako wapi. Lakini hebu tuiweke sheria kando kidogo, maana naona unajitetea kwa neno moja: hakulazimishwa.

Soma Nehemia sura ya 5. Yerusalemu kulikuwa na njaa. Watu waliweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka, wengine ikafika mahali watoto wao wakawa watumwa. Waliowakopesha hawakuwa wageni wala wapagani, walikuwa ndugu zao, Wayahudi wenzao, na sidhani kama kuna aliyeshikiwa panga. Njaa ndiyo iliyoweka sahihi. Nehemia alipowaita wakubwa hao mbele ya mkutano, walinyamaza, hawakuwa na la kusema. Akawataka warudishe siku ileile mashamba, mizabibu, mizeituni na nyumba, pamoja na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza. Nao wakakubali kurudisha bila kudai kitu.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda kwake mwenyewe, usitume mjumbe. Mwambie gunia ni lake, alipeleke ghalani kwa jina lake, na fedha yake ya mnada ikiingia benki akurudishie elfu hamsini yako. Ile karatasi ichane akiwa anaona. Paulo alimwambia liwali Feliki kwamba anajizoeza kuwa na dhamiri isiyo na hatia mbele za Mungu na mbele za watu (Matendo 24:16). Watu mara nyingi tunawasahau. Tunatubu chumbani, halafu njiani mtu anakata kona asikutane nasi.

Na wazee wa kanisa wanaokaa benchi la mbele wakati stoo zao zimejaa magunia ya wajane, jibu hili nao linawahusu. Mnajijua.

Mimi ni karani katika chama cha msingi cha ushirika, wakulima wanapopimia korosho. Naagizwa kila gunia nipunguze kilo moja kwenye kitabu, eti unyaufu. Jioni kilo zile zinajumlishwa na kuandikwa kwa jina la mtu ambaye hana hata mkorosho mmoja. Mimi sichukui senti, naandika tu. Nikikataa, kazi sina. (Karani, Wilaya ya Newala)

Tuwe wa haki kwanza. Korosho hupungua uzito, hasa isiyokauka vizuri, na hilo halina ubishi. Kama kuna makato ya unyaufu, yasemwe kwenye mkutano wa wanachama, mkulima ayasikie na ayaone yameandikwa. Kilo inayokatwa mchana kwa jina la unyaufu na jioni ikazaliwa upya kwa jina la mtu haijanyauka. Imeibwa.

Sasa, unasema unaandika tu. Walawi 19:35-36 inakataza udhalimu katika kupima, katika uzito na katika kipimo, na haibagui nani amekula. Bila kalamu yako kilo hiyo isingehama. Na nikuulize, mbona unaniandikia kama huna hatia? Dhamiri yako imeshakujibu kabla yangu.

Kesho asubuhi andika uzito unaouona kwenye mizani. Ukiulizwa, jibu kwa adabu kwamba uko tayari kupunguza endapo utapewa agizo hilo kwa maandishi, lenye sahihi na muhuri. Mara nyingi mambo huishia hapo, kwa sababu anayeagiza hayo hapendi karatasi. Yakiendelea, afisa ushirika wa wilaya yupo, na mkutano mkuu wa chama upo. Usiende na fununu. Nenda na tarehe, namba za stakabadhi na uzito.

Na yaliyopita je? Majina ya wakulima waliopunjwa yamo kwenye kitabu chako, jambo ambalo wezi wengi hawana. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Torati yenyewe kwa aliyedhulumu ilidai mali yote na sehemu ya tano juu yake (Walawi 6:5). Wewe hukula, kwa hiyo sikwambii uuze baiskeli ulipe tani nzima. Unachodaiwa wewe ni ukweli: ueleze kwa watu wenye uwezo wa kurudisha. Tafadhali usisimame Jumapili kutoa ushuhuda wa jumla, "nilikuwa mwenye dhambi kazini", kanisa likapiga makofi. Makofi hayamrudishii mtu kilo yake.

Unaweza kufukuzwa. Siwezi kukuahidi kwamba Bwana atakupa kazi nyingine kabla ya mwisho wa mwezi. Wahubiri wanaoahidi hivyo hawalipi kodi yako. Shadraka, Meshaki na Abednego walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza kwamba hata asipowaokoa, hawataisujudia sanamu. Utii wao ulikuwa na nafasi ya hasara ndani yake. Na mwambie mkeo kabla hujafanya lolote, maana hasara hiyo mtaila wote wawili.

Naishi Lindi mjini, majirani zangu wote ni Waislamu. Ramadhani hunialika futari, na Idi huniletea nyama. Mwenzangu wa kwaya anasema nikila nimeshiriki ibada yao. Nile?

Kula, na ushukuru. Paulo anasema ukialikwa, kula kinachowekwa mbele yako bila kuulizauliza kwa ajili ya dhamiri (1 Wakorintho 10:27). Nyama aliyoizungumzia pale ilikuwa na mashaka makubwa kuliko ya jirani yako, maana nyingine ilipitia hekalu la sanamu. Ukimaliza, Krismasi wapelekee pilau, na kuku achinjwe na mmoja wao ili nao wasile kwa mashaka. Mwenzako wa kwaya kama anasumbuka kweli, asile. Ila asikupangie sahani yako.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mjane, nipo Masasi. Nakamua mabibo, yale matunda ya mkorosho; uraka, pombe ya maji yake, nauza, na unaobaki napika nipa. Ndiyo inayomlipia mwanangu chuo. Kanisani nimetengwa na meza ya Bwana. Mungu anataka mwanangu arudi nyumbani?

Marahaba, mama. Pole kwa mzigo huo.

Nipa ni gongo, na gongo imekatazwa. Paulo anasema tuitii mamlaka si kwa kuogopa adhabu tu, bali na kwa ajili ya dhamiri (Warumi 13:5). Wewe mwenyewe huwezi kuapa kwamba kila chupa iliyotoka jikoni kwako haikumdhuru mtu. Unawajua wateja wako, na unajua nani anaacha kwako fedha ya unga wa watoto. Acha kuipika. Uraka ni habari nyingine, makanisa yetu hayasemi lugha moja juu yake. Wewe fuata mafundisho ya kanisa lako, na umtazame anayekunywa kwako anaondokaje.

Ila nusu ya jibu hili nawapelekea waliokutenga. Kuna wazee waliopiga kura ukatengwa huku vinywa vyao vinajua ladha ya chupa yako. Na kanisa linalomwambia mjane aache limwonyeshe pa kushika. Ubanguaji wa korosho unawapa akina mama wengi riziki hapa Masasi, na mtaji wa kuanzia si mkubwa. Umoja wa wanawake una mfuko. Chukua jibu hili mpelekee mchungaji, mwambie mwalimu anauliza mfuko huo una kazi gani.

Mjomba wa mtoto wetu amepanga kijana aingie jando likizo ya mwezi wa sita. Mimi baba nimeokoka. Najua kuna kumwaga unga kwa mizimu. Nikikataa, ukoo wa mke wangu utasema nimewadharau. (Baba, Nanyumbu)

Swali hili lina umri mkubwa kuliko sisi sote. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walifika Masasi mwaka 1876, na tangu hapo Wakristo wa huku wamelizungumza. Askofu Vincent Lucas, aliyewekwa kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, hakulifuta jando. Aliona ukilipiga marufuku vijana wataenda kwa siri, kwa hiyo kanisa likaingia humohumo: sala zikawekwa, padri akawepo, yaliyopingana na imani yakaondolewa. Wapo waliomsifu na wapo waliomlaumu. Mimi namsifu kwa jambo moja, kwamba alichambua.

Nawe chambua. Kutahiriwa si dhambi. Kufundishwa kuheshimu wakubwa, kutunza mwili na kubeba majukumu si dhambi, tena vijana wengine wanayahitaji haraka. Unga kwa mizimu ni jambo lingine: huwezi kuishiriki meza ya Bwana na meza ya mashetani (1 Wakorintho 10:21). Hapo ndipo unaposimama, wala usisogee.

Namna ya kusimama ndiyo inayoharibu watu. Kwa desturi za huku mjomba ana sauti, na ukimtumia ujumbe wa simu kwamba "sisi tumeokoka" umeshaanzisha vita. Mwendee mapema, hata mwezi wa tatu, pamoja na mkeo na mzee mmoja wa kanisa mwenye mvi. Kaa chini. Omba kijana atahiriwe kituo cha afya, kisha aende kwa mafundisho tu, na wewe ujue kungwi ni nani na nyimbo zipi zitaimbwa. Wajomba wengi hukubali, kwa sababu wanachokitaka ni kuheshimiwa. Akigoma kabisa, kijana asiende, na wewe uendelee kumsalimia mjomba kila siku, akiitika asiitike.

Siku ya kutoka, ngoma ikipigwa nyumbani, mnaweza kuwepo mkala wali na watu. Naamani, jemadari wa Shamu, aliomba msamaha mapema kwa kuwa kazi yake ingemlazimu kuinama katika nyumba ya mungu Rimoni akiwa na bwana wake, na Elisha akamwambia aende kwa amani (2 Wafalme 5:18-19). Moyo wake ulishajulikana ni wa nani.

Kama una binti, nakuongezea hili: kuchezwa unyago si cheti cha kuolewa. Shule ikifunguliwa, arudi shule.

Tumsifu Yesu Kristo. Nikiwa kijana niliiba fedha za bibi yangu za mauzo ya ufuta. Akafariki bila kujua. Nimeungama zaidi ya mara moja, padri akaniondolea, lakini usiku moyo bado unanihukumu. Ameacha binti mmoja, shangazi yangu, anaishi Nyangao. (Msomaji, Ndanda)

Milele amina. Kuna mambo mawili hapa, na umeyachanganya.

La kwanza ni hatia. Hiyo umeungama, na padri amekuondolea. Moyo ukiendelea kuhukumu juu ya jambo lililosamehewa, Yohana anasema Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote (1 Yohana 3:20). Usiende kuungama dhambi ileile tena. Muulize padri wako, atakwambia hivyohivyo. Dhamiri nayo inaweza kukosea kwa kupiga kelele kupita kiasi, kama inavyoweza kukosea kwa kulala.

La pili ni deni. Katika barua yako yote sijaona mahali uliposema umelipa, na nadhani ndiyo maana hulali. Hesabu sura ya 5 inamtaka mkosaji arudishe mali aliyodhulumu na sehemu ya tano juu yake. Asipokuwepo ndugu wa kulipwa, ndipo inapokwenda kwa Bwana, kwa kuhani. Ndugu kwako yupo. Usikimbilie kuitoa sadaka ukapata jina. Kadiria zilikuwa kiasi gani kwa thamani ya leo, ongeza sehemu ya tano, na kama ni nyingi gawanya kwa misimu miwili. Kisha panda gari uende Nyangao. Fungu la kwanza uwe nalo mkononi, na umwambie shangazi ni za nini kabla hajazihesabu.