Ndiyo inayotoka kabla hujafikiri

Anti, nikiombwa kitu nasema ndiyo papo hapo, kisha usiku silali. Juzi nimeahidi laki mbili kwenye kamati ya harusi ya mtu nisiyemjua vizuri, na kodi ya nyumba sijalipa. Nina huruma kupita kiasi?

Huruma unayo, ila hiyo "ndiyo" yako ilisukumwa na hofu. Mwili ukihisi hatari hujiandaa kupigana au kukimbia. Walter Cannon, mtafiti wa mwili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alilieleza hilo mwaka 1915. Wengine huganda. Pete Walker, mtaalamu wa ushauri nasaha wa Marekani, akaongeza njia ya nne: kumridhisha anayekutisha ili atulie. Usitafute ugonjwa hapo. Ni mazoea ya kujilinda, na mara nyingi huanzia utotoni, kwa mtoto anayesikiliza geti likifunguliwa ajue baba leo karudi vipi. Mtoto mwepesi wa kusoma nyuso hujifunza mazoea hayo mapema kuliko nduguze, na watu humsifu kwamba ana roho nzuri. (Sifa hizo nazo zina gharama zake.)

Kumbuka ilivyokuwa: moyo ulienda mbio, ukaahidi, ukashusha pumzi. Nafuu ile ya dakika moja ndiyo inayokufanya urudie kesho. Leo andika kwenye kundi la kamati: "Nitatoa elfu ishirini." Usijieleze, ukianza kujieleza, wanakamati watapata pa kukubembelezea.

Na mtu akinisimamia palepale akisubiri jibu?

"Nitakujibu kesho asubuhi." Basi. Mapigo ya moyo yakishatulia utajua kama unataka au unaogopa.

Mama mkwe nikimkatalia si nitaonekana sina adabu?

"Shikamoo mama. Jumamosi sitaweza, nitakuja Jumapili." Adabu yote imo humo. Anaweza kununa, na pengine atanuna kweli. Mwache anune, usimpigie simu ya pili kumtuliza.

Mume wangu akipandisha sauti naomba msamaha hata sijui kosa langu. Nianze kumkatalia?

Kama amewahi kukupiga, au unahofu atakupiga, usianze na hilo. Kwa sasa huko kumridhisha huenda ndiko kunakokulinda, na hakuna aibu ndani yake. Kwanza mweleze mtu mmoja unayemwamini, mpange pa kukimbilia. Tanzania, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kenya, piga 1195, namba ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni bure. Tumia simu ambayo yeye haishiki.