Kutia rangi ngozi ya mbuzi: tohara yake, swala na udhu

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa nyumbani, Igoma, Mwanza. Nimenunua ngozi za mbuzi nizitie rangi nyeusi, nishone mikoba na kifuko cha msahafu. Sijui kama mbuzi walichinjwa kisheria, na rangi ya dukani ina spiriti. Je, naweza kuswali na mkoba huo? Na rangi iliyoingia mikononi inazuia udhu?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Mama, anza na ngozi, maana rangi haitoharishi kitu (haikifanyi kiwe safi kisheria). Kinachotoharisha ni kudabighi, yaani kuitengeneza ngozi kwa dawa kali, kama ya magome ya miti, mpaka isioze. Mtume (s.a.w.) alipita penye mbuzi mfu akauliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake, wakaidabighi na kunufaika nayo. Wakasema ni mzoga. Akasema kilichoharamishwa ni kumla (Bukhari na Muslim). Basi hata kama hawakuchinjwa, ngozi iliyodabighiwa ni tohara. Kwa Mashafi (wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi) hubaki nje mbwa na nguruwe tu.

Ila hakikisha imedabighiwa kweli. Nyingi zinazouzwa zimepakwa chumvi na kuanikwa juani tu, na kwetu Mashafi hilo halitoshi. Kata kipande, kiloweke siku mbili tatu: kikilainika, kikateleza na kunuka, bado ni ngozi mbichi. Iliyodabighiwa hainuki tena. Ioshe kwa maji safi kabla ya kuitumia. Manyoya ya mzoga hayatohariki kwa kudabighi, kwa hiyo usiyaache. (Ngozi ya sangara haina mjadala huu, samaki mfu ni halali.)

Kuhusu spiriti, wanazuoni wamehitilafiana kama ni najisi. Ukishaitumia rangi ya dukani, iache ikauke kabisa, kisha suuza mpaka maji yatoke meupe; rangi iliyobaki kwenye ngozi haidhuru. Ukitaka kuepuka shaka, tengeneza rangi nyeusi mwenyewe kwa siki, ambayo ni tohara. Loweka stilwaya moja ya kusugulia masufuria, iliyooshwa kwa sabuni kutoa mafuta, katika nusu lita ya siki kwa siku tano hivi. Usikaze kifuniko, gesi itakipasua chombo. Chuja kwa kitambaa, pakaza kidogo kidogo kwa sifongo. Weusi hutokea chuma kikikutana na dawa ya magome ya miti iliyodabighia ngozi, kwa hiyo ngozi ya kromu (iliyodabighiwa kwa dawa ya madini ya kromu), ambayo ukiikata ndani ina ubuluu, haitashika. Hiyo itafutie rangi ya dukani. Baada ya weusi suuza kwa lita moja ya maji na kijiko cha chai cha soda ya kuokea (baking soda), la sivyo asidi itaifanya ngozi ikatike. Maji yawe vuguvugu tu, ya moto huikunja. Ikikaribia kukauka paka mafuta, kisha isugue kwa kitambaa cheupe hadi kisichafuke, ndipo ukate na kushona.

Baada ya hapo swali na mkoba wako, na kifuko cha msahafu hakina ubaya.

Mikononi, doa la rangi lisilo na tabaka halizuii maji, udhu wako ni sahihi. Nta na rangi ya mafuta hufanya tabaka, hasa chini ya kucha: zitoe kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni, ndipo utawadhe. Wallahu aalam.