Harufu ya petroli ukishajaza tenki, na kodi P0455

Pole, ndugu. Unasema Corolla yako ni ya 2003, taa ya injini inawaka, kompyuta ya gari inatoa kodi P0455 (namba ya hitilafu), kuna harufu ya petroli kila ukijaza tenki, na ukaguzi wa moshi umebaki wiki mbili: hapo mvuke wa petroli unavuja kwa wingi. Usikimbilie kubadilisha vipuri.

Kwanza chungulia chini ya gari. Ukiona petroli inadondoka, usiliwashe kabisa, livutwe hadi kwa fundi. Kama ni harufu tu, anza na mfuniko wa tenki. Pitisha kidole kwenye mpira wake. Ukiwa mkavu au una nyufa, nunua mfuniko mpya wa modeli hiyohiyo.

Mfuniko ukiwa mzima, fuata mipira ya mvuke kuanzia kwenye tenki. Mingi hupasuka penye klipu, na ufa hauonekani mpaka uukunje mpira. Halafu kuna valvu ndogo ya umeme inayopeleka mvuke kwenye injini. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, chomoa valvu hiyo uipulize kwa pampu ya mkono: bila umeme haipaswi kupitisha hewa. Gari likisumbua kuwaka baada ya kujaza mafuta, mimi huishuku valvu hiyo kwanza.

Na pampu ya kituoni ikishajikata, usiongeze. Petroli hulowesha kopo la mkaa linalonasa mvuke, na kopo hilo ni ghali.

Ukikwama, tafuta fundi mwenye mashine ya moshi ya kusaka uvujaji. Usifute kodi hiyo ya hitilafu siku moja kabla ya ukaguzi. Kompyuta ya gari itakuwa haijamaliza kujipima na utarudishwa. Kazi yote ifanyie nje, mbali na sigara na cheche.