Sarafu ya Chuma ya Wachina: Je, Ni Feki?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu anayesoma China kaniletea sarafu ya zamani yenye tundu la mraba katikati. Imeshika kutu, na sumaku ya spika mbovu inainasa. Fundi mmoja sokoni kaniambia ni feki, eti hela za Wachina wa kale zilikuwa za shaba tu. Niitupe?
Muuza asali, Isevya, Tabora

JIBU: Marahaba mama. Usiitupe! Hela za chuma zilikuwapo China. Mfalme Wu wa ukoo wa Liang alizitoa mwaka 523. Watu wakazighushi mno, zikajaa hadi wafanyabiashara wakawa wanazibeba kwa mikokoteni na kuhesabu mafungu tu.

Lakini mimi linalonisisimua zaidi ni jimbo la Sichuan, enzi za Song (960–1279). Serikali iliichota shaba ya huko ikaipeleka makao makuu, wenyeji wakaachiwa chuma. Ilifika wakati sarafu 10 za chuma zikawa sawa na 1 ya shaba. Na uzito wake sasa! Zile kubwa za mwaka 1005, ukipanga 1000 zinapita kilo 15. Mtu anakwenda kununua hariri amebeba mzigo mzito kuliko atakaorudi nao. Ndipo wafanyabiashara wa Chengdu, mji wa huko Sichuan, wakawa wanapokea chuma na kutoa stakabadhi, na stakabadhi zenyewe zikaanza kulipia bidhaa. Mwaka 1024 serikali ikatoa za kwake, jiaozi. Noti ya karatasi hiyo, mama, imetokana na chuma kuelemea watu mabegani.

Wala sisi wa Tabora tusishangae hela kutengenezwa kwa madini yaliyopo. Mwaka 1916, vita vimewafungia Wajerumani njia ya bahari, waligonga hapa hapa kwetu sarafu za heller 20 za shaba na za rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo.

Sasa hiyo yako: fundi kakosea kuhusu chuma, ila sumaku nayo haithibitishi kwamba ni ya kale, maana hata za kuigiza huwa za chuma. Mtumie mwanao picha yake ayasome yale maandishi manne kuzunguka tundu, kwa kawaida yanataja enzi, kisha awaonyeshe wajuzi wa makumbusho huko aliko. Wewe usiisugue kwa waya wa sufuria wala limau. Ifunge kwenye kitambaa kikavu, mbali na mvuke wa jikoni, na usikubali bei ya mtu yeyote kabla majibu hayajarudi.