Nasoma onlaini na kazi nafanya, mbona sifurahii?

SWALI: Assalam alaykum dada. Mie nesi hapa Wete, nasoma digrii kwa mtandao mwaka wa pili huu. Nikitoka zamu ya usiku nafungua simu nakuta video za masaa mawili, bando lenyewe linakwisha kati, na asainmenti nilotuma mwezi uliopita hata neno sijajibiwa. Wenzangu wa chuo chengine wanasifu onlaini mpaka basi. Mimi ndo mvivu au?

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu. Huna uvivu wowote, mtu anaetoka wodini alfajiri akafungua somo si mvivu. Bando linaudhi kweli lakini kinachokukata hamu khasa ni hiyo asainmenti, mana mtu mzima anaelipa ada kwa mshahara wake anataka ajue yuko sawa au kapotea, na akinyamaziwa anaanza kujilaumu kama unavojilaumu weye sasa. Kuna mtaalamu wa Marekani, Michael Moore, alieleza zamani kwamba umbali unaomtesa mwanafunzi wa mbali si wa maili, ni kukosekana mazungumzo baina yake na mwalimu. Mwaka 1989 akaandika mwanafunzi anahitaji mawasiliano ya aina tatu, na somo, na mwalimu, na wanafunzi wenzake. Weye umeachiwa somo peke yake, utafurahi vipi?

Mwandikie mwalimu leo, na usimuulize "vipi kazi yangu", mtajie sehemu unayoitilia shaka, swali la namna hiyo ni rahisi kulijibu, na nakala mpelekee mratibu wa kozi. Tafuta wenzako wawili watatu muwe na grupu la WhatsApp. Wengine hukutana ana kwa ana, Chuo Kikuu Huria kwa mfano kina kituo mpaka Pemba, lakini hata nyie mnaweza kukaa pamoja barazani siku ya mapumziko. Video zishushe palipo na waifai, usiziangalie hewani. Halafu muoneshe msimamizi wako tarehe za mitihani mapema kabla zamu hazijapangwa, na nyumbani nako waambie, mana wakikuona na simu wanadhani unachati tu wanakutuma dukani.

Na ada ya muhula ujao usiilipe kwanza, muulize mratibu kwa maandishi asainmenti inarudi baada ya siku ngapi na nani anaesahihisha.