Nyumbani kwa nani?

Wiki hii mmeuliza kama majina ya maafisa wa jeshi la kikoloni yafutwe katika vyama vya vijana. Nilitaka kujibu "yafutwe" niende zangu. Lakini nikimfikiria Baden-Powell, afisa wa jeshi la Uingereza aliyeanzisha skauti, naikumbuka skafu yangu ikichuruzika maji.

Nilikuwa darasa la sita. Skauti wa shule yetu tulipelekwa Nyeri kuliona kaburi lake, na manyunyu yalituandama tangu Karatina. Pete ya skafu nilikuwa nimejikatia kwenye paipu ya maji, kingo zake zikanikwaruza shingo kutwa nzima. Mlima Kenya, ambao kaburi linautazama, ulikuwa umejifunika mawingu, hata hatukuuona. Tulipanga mstari, tukapiga saluti ya vidole vitatu huku meno yakigongana. Mwalimu akatuonyesha jiwe: duara, na nukta katikati. Akauliza ni alama gani kati ya zile skauti wanazoachiana njiani. Tukajibu kwa sauti moja: "Nimekwenda nyumbani!"

Jioni nilimsimulia nyanya huku nikikausha soksi motoni. Akaendelea kukoroga uji, kisha akauliza, "Nyumbani kwa nani?" Wakati wa Emajensi, hali ya hatari ya serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, yeye alihamishiwa kijiji chenye handaki na ua wa miiba. Sikuwa na la kumjibu.

Baden-Powell alihamia Nyeri mwaka 1938, akafa Januari 1941. Habari za Mafeking, mji wa Afrika Kusini alioulinda katika Vita vya Makaburu, tulizijua kwa moyo: siku 217 za kuzingirwa, na wavulana waliopeleka ujumbe. Kambi yake ya kwanza ya wavulana, ya Brownsea kule Uingereza mwaka 1907, pia. Lakini chifu Uwini, aliyeshikwa mwaka 1896 katika Zimbabwe ya leo, akapelekwa na Baden-Powell mbele ya mahakama ya kijeshi na kupigwa risasi, hakutajwa hata siku moja. Wakubwa wa jeshi walichunguza, wakamsafisha afisa wao.

Basi yafutwe? Kwenye kumbi na mabango, sawa, sitalia. Kaburi liachwe, hata majivu ya mkewe Olave yako pale. Ila mwalimu anayewapeleka watoto amtaje Uwini kabla ya saluti, si baadaye kwenye basi wakiwa wamelala. Huenda nalegeza kamba kwa sababu binti yangu amejiunga na skauti mwaka huu, na nyanya, angekuwepo, angenikaripia. Mtoto ameniomba pete ya skafu. Paipu ninayo, safari hii kingo nitazipiga msasa.